Stelingi wa Kanda ya Kwanza

Nilikuwa mkalimani wa mahakama mjini Tanga kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu, na kazi ile ilinizoesha kuyagawa maneno mafungu mawili kabla ya kuyafungulia mlango. Basi nianze hivyo. Niliyoyaona kwa macho yangu kuhusu mwanamke huyu ni haya: duka lake la ghorofani huko Silver Spring, Marekani, nililoliingia mara nyingi tangu nilipohamia kwa binti yangu hadi siku lilipofungwa, kidoti chake cha shavuni, ambacho nitakieleza, nusu ya kwanza ya filamu moja, niliyoiona katika nchi mbili, na dakika kama ishirini za nusu ya pili. Mengine yote niliyasikia. Nilisikia kwamba aliigiza filamu arobaini, na kwa wengine sitini. Nilisikia kwamba mwana wa nawabu mmoja, yaani mtawala wa Kihindi, alijitupa kisimani kwa ajili yake, na kwamba kisima kilikuwa kikavu. Aliyeniambia hayo ni yeye mwenyewe, na shahidi wa namna hiyo hakimu humsikiliza huku akitazama saa.

Watu wetu walimwita Stelingi, na jina hilo ndilo lililoleta mgogoro. Kwa msomaji ambaye hakukalia mabenchi ya sinema zetu: stelingi ni mhusika mkuu wa filamu, awe mwanamume au mwanamke, na kule Tanga hutambulikana kwa kanuni moja tu. Stelingi hafi. Akipigwa risasi, ni begani. Akitupwa mtoni, mto humrudisha. Anayekufa, hata afe kwa ufundi wa namna gani, ni rafiki wa stelingi, au kaka yake, au yule msichana mwema ambaye watu humsahau kabla kahawa haijapoa. Kwa hiyo ukimwita mtu stelingi, umesema jambo linaloweza kuthibitishwa au kukanushwa. Hilo akina mama wa Silver Spring hawakutaka kulielewa.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja juu ya kinyozi, hatua chache kutoka kituo cha treni. Upande mmoja palikuwa na unga wa dengu, bizari na achari. Upande wa pili, kanda za video za filamu za Kihindi hadi darini. Juu ya meza ya mauzo ilitundikwa picha yake ya ujana, amesimama mbele ya milima yenye theluji. Milima ilikuwa imechorwa kwenye turubai. Ukisogea karibu, uliuona mkunjo wa kitambaa ukishuka katikati ya kilele. Wateja wake wengi walikuwa watu wetu: Watanzania wa ubalozini, Wakenya wauguzi na watunza wazee, Wakongo wawili watatu waliokuja kutafuta bizari wakaondoka na kanda. Hakuna kati yetu aliyejua Kihindi. Tulikulia katika filamu zile, tukizielewa zote bila kuelewa neno hata moja, na wajukuu wetu, waliotujibu kwa Kiingereza hata tukiwasalimu, walitutazama tukilia mbele ya televisheni kama wanavyotazamwa wagonjwa.

Filamu zake hakuzipanga kwa majina wala kwa waigizaji. Alizipanga kwa vitambaa vya kufutia machozi.

"Wewe nataka ya kulia ama ya kupigana?" alimuuliza kila aingiaye. "Hii kitambaa moja tu. Hii hapa kitambaa tatu. Wewe naishi na mama mkwe? Basi chukua tatu."

Mimi alinipa hukumu yangu wiki ya kwanza. "Wewe mzee nakuwa kama jiwe. Hapana chukua kanda. Chukua dengu."

Aliyechelewesha kanda hakutozwa faini. Stelingi alimpa kanda mpya aliyoitaka, akamwangalia usoni kwa upole, kisha akamwambia mwisho wake. Nimemwona ofisa mzima wa ubalozi, mwenye tai na mkoba, akishuka ngazi ameziba masikio kwa mikono miwili, naye akimfuata kwa sauti kutoka juu: "Na ile polisi ndiyo baba yake! Na mapacha nakutana hospitali!" Tangu hapo ubalozi mzima ulirudisha kanda kwa wakati, jambo ambalo sijasikia likisemwa kuhusu barua zake.

Nafika kwenye kidoti. Alikuwa nacho kwenye shavu, cheusi, cha mviringo, na akina mama walikisifu kama kazi ya Mungu. Mimi nilizoea kuandika mambo katika daftari. Jumatatu moja nilikiona shavu la kushoto. Ijumaa kilikuwa la kulia. Jumatano ya wiki iliyofuata kilikuwa kimesogea juu ya mdomo, na siku ya joto kali, alipojifuta uso, kilishuka hadi kidevuni kikaacha njia nyuma yake. Kilikuwa wanja. Nilipomweleza Mama Mwenyekiti, yaani mwenyekiti wa chama cha akina mama wetu, alinijibu kwamba kidoti cha msanii hutembea. Mama huyu alikuwa Mkenya wa Nakuru, mtunza wazee, mwenye sauti ya kuamsha lifti iliyokwama, na aliniona mimi kuwa mmoja wa wazee wanaohitaji kutunzwa.

Kiswahili cha Stelingi nacho kilikuwa wanja. Hilo liligunduliwa na masikio yangu mwenyewe. Siku moja nilipanda ngazi polepole kwa sababu ya goti, nikamsikia akizungumza kwenye simu. "Hebu ninyamazie, mwanamke mzima huna haya! Mkamwana akusemeze hivyo nawe umekaa kitako unamtazama? Ningekuwa huko ningemshusha ngazi kwa kanga yake mwenyewe." Kiswahili cha Tanga hicho, cha ndani ya nyumba, hakikukosewa hata kiambishi. Akakata simu, akageuka, akaniona.

"Wewe nataka nini?" akasema.

"Nataka kujua ni nani aliyekuwa akizungumza."

Akajibu kwa sauti ile ile ya simu: "Mzee, mtu akipanda ngazi zile anakuja kwa Mhindi wa sinema. Nikimwambia 'karibu, habari za nyumbani', atadhani amekosea mlango." Baadaye nilisikia kwamba aliolewa Tanga baada ya filamu kumwacha, akakaa huko mpaka alipozika mume. Nililisikia kwake, lakini viambishi vilimtolea ushahidi.

Sasa filamu. Alikuwa na moja tu aliyoionyesha, na hiyo hakuiazimisha. Iligawanywa katika kanda mbili, kama zilivyokuwa filamu nyingi ndefu, naye alikuwa na ya kwanza. Ya pili, alisema, ilipotea katika safari. Ndani yake ni msichana muuza maziwa anayempenda mwanafunzi maskini. Mjomba wa mwanafunzi, tajiri mwenye viatu vya rangi mbili, anataka kumwua mpwa wake kwa ajili ya urithi, na anaandaa kikombe cha maziwa yenye sumu. Msichana anapanda ngazi za nyumba ya mjomba, anakipokonya kikombe, anakitazama, anakiinua. Hapo ndipo kanda ya kwanza inapokwisha: kikombe kiko nusu ya njia kwenda mdomoni.

Kwamba msichana yule ni yeye, sina shaka. Ndewe ya sikio lake la kushoto ilichanika zamani na ikaunga vibaya. Katika kanda imechanika hivyo hivyo, na wanja hauwezi kazi hiyo. Tena nilikwisha kumwona. Filamu ile ilionyeshwa Tanga nikiwa mwajiriwa mpya, na nilikuwa nimekaa mstari wa nne. Wakati wa mapumziko askari akaingia kunitafuta, kwa kuwa hakimu alitaka mkalimani. Nikaondoka. Kesho yake tarishi wa mahakama aliniambia kwamba msichana anakufa. Lakini tarishi yule pia aliwahi kuniambia kwamba hakimu amefariki, na hakimu akaja kazini saa mbili kamili. Basi kwa miaka yote hiyo kikombe kilibaki hewani.

Stelingi alikuwa na desturi ya kusimulia nusu ya pili kwa mdomo, na hapa daftari langu lilifanya kazi yake halali. Kwa muuguzi aliyekuwa akisomea udaktari, alisema msichana anamwaga maziwa, anasoma, anakuwa daktari, anamtibu mjomba. Kwa mama aliyekuwa akisubiri kuolewa mara ya pili, alisema msichana anamwaga maziwa na harusi inafanyika juu ya tembo. Kwa mchungaji, msichana alimwaga maziwa akafungua nyumba ya mayatima. Masimulizi matatu, maziwa yakimwagwa mara tatu, na katika yote matatu anaishi. Ningekuwa hakimu ningemfunga kwa hilo tu.

Ukaja mwezi wa nane, chama kikaamua kumtunuku. Mama Mwenyekiti alinijia nyumbani kuniomba nisome hotuba.

"Nitasoma," nikamwambia, "ila neno stelingi nitaliruka."

"Ati utaliruka? Mzee, hilo neno ndilo liko kwa keki!"

"Una ushahidi gani?"

"Ushahidi wa nini, na mama mwenyewe ametuambia? Wewe unapenda kesi sana. Hapa ni Maryland, sio kotini."

"Anayeeleza nusu ya pili kwa namna tatu hajaieleza hata mara moja."

"Na wewe uliiona hiyo nusu?"

Swali lilikuwa la haki. "Sikuiona," nikasema.

"Basi wacha tukule keki kwa amani."

Sikuwacha. Nilimpigia dereva mmoja wa teksi anayeishi mji jirani wa Alexandria, mtu wa Tanga, ambaye kwa kazi yake huingia kila duka la ng'ambo ile ya mto, nikamwomba aitafute kanda ya pili. Sikumwambia kwa nini. Alidhani ninamwandalia Stelingi zawadi.

Sherehe ilikuwa Jumapili mchana, katika chumba cha mikutano chini ya jengo letu. Keki iliwekwa mbele. Walikuwa wameagiza iandikwe STELINGI WETU, lakini mwokaji, Mmarekani mwenye bidii, akaona kosa na kulisahihisha: STERLING WETU. Kwa hiyo tulikaa mbele ya keki iliyotunuku sarafu ya Waingereza. Stelingi alivaa sari ya dhahabu. Kidoti kilikuwa kushoto. Kanda ya kwanza ikachezwa. Kikombe kikapanda nusu ya njia, picha ikakatika, wakapiga makofi, naye akasimama na kukohoa kidogo, tayari kwa simulizi la nne.

Mlango ukafunguka. Dereva wangu aliingia ameinua kanda juu ya kichwa.

"Shikamoo, mzee wangu! Nimeipata! Ilikuwa kwa Mpakistani mmoja, chini ya magunia ya mchele!"

"Marahaba," nilisema, lakini hakuna aliyenisikia kwa vigelegele. Mama Mwenyekiti alikuwa akiruka. "Second half! Second half, jamani!"

Mtu mmoja tu hakupiga kigelegele. Alinijia, akanishika mkono wa koti, akanivuta hadi kwenye mashine ya video.

"Waambie mashine imeharibika," akasema, na hakikuwa Kiswahili cha dukani.

"Haijaharibika."

"Najua haijaharibika. Ndiyo maana nakuomba wewe. Nikisema mimi watacheka, watasema naona haya. Ukisema wewe wataamini, kwa sababu wewe husemi uongo."

"Basi umejijibu."

Alitazama ile keki, kisha akanitazama mimi. "Hawa ndio watu nilio nao, mzee. Nikitoka hapa kama yule wa kando ya stelingi, Jumapili sina pa kwenda tena."

Nilijua ninachoombwa. Nilijua pia kwamba watu arobaini wamekaa nyuma yangu wakiamini jambo ambalo huenda si kweli, na jibu lake liko mkononi mwa dereva. Nikanyoosha mkono, nikapewa kanda.

Aliachia koti langu. "Vema. Basi kaa mbele," akasema. "Na kitambaa uwe nacho."

Niliitia kanda kwa mkono wangu mwenyewe, nikaenda kukaa kiti cha mbele.

Maziwa hayakumwagwa. Aliyanywa yote. Tarishi, Mungu amrehemu, safari ile moja alisema kweli. Msichana alirudisha kikombe mezani, akafuta mdomo kwa ncha ya sari kama mgeni aliyeshiba, kisha akaanza kufa. Ngazi za mjomba zilikuwa kumi na moja. Alizishuka, akakumbuka jambo, akazipanda tena. Aliimba beti mbili. Alianguka, akainuka kurekebisha shela, akaanguka upande wenye mwanga mzuri zaidi. Hakuna sumu duniani yenye subira ile. Yoyote nyingine ingekwenda kutafuta kazi pengine. Mwanafunzi alikuja mbio, akachelewa, kama ilivyo kazi ya wanafunzi. Naye, badala ya kumwambia kwamba amekunywa kwa ajili yake, alimuuliza kama amekula. Hilo nililielewa bila mkalimani, kwa mkono wake alivyouelekeza mdomoni kwake. Mkono ukaanguka. Ndewe iliyochanika ilionekana kwa mara ya mwisho, na picha ikatulia hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Mama Mwenyekiti akapasua kilio: "Woi! Woi, mama yetu! Ameuliza kama amekula!" Wakaanza wote. Muuguzi, mchungaji, yule mama wa harusi ya tembo. Dereva aliegemea ukuta akilia kwa kwikwi kama aliyefiwa. Hakuna aliyekumbuka udaktari wala nyumba ya mayatima.

Ndipo alipotokea stelingi halisi. Aliingia kwenye skrini kwa baiskeli, sari ya manjano, binti wa jaji, akiimba bustanini na mwanafunzi yule yule ambaye machozi yake hayakuwa yamekauka.

"Na huyu naye ametoka wapi?" akauliza mmoja.

"Sijui. Labda dada wa mpishi."

"Hana hata haya! Mwenzake hajazikwa!"

Mama Mwenyekiti akainuka, akaizima mashine. "Mwenye filamu amekufa," akasema, akijipangusa. "Sasa tunaangalia nini? Keki ikatwe."

Kanuni iliyoheshimiwa pwani nzima ilifutwa na watu arobaini kwa dakika moja, bila kupiga kura. Nilisema kwamba filamu haijaisha. Nilisema kwamba imebaki zaidi ya saa moja, na kwamba binti wa jaji, kwa vigezo vyote vinavyojulikana, ndiye stelingi. Nilipewa kipande cha keki chenye herufi R, ambayo hata haikustahili kuwepo. Yeye walikuwa wamemzunguka, wakimshika mikono kama aliyerudi kutoka kaburini, na aliwaambia kwa lugha ya dukani, "Mimi nasema nini? Kufa ndiyo kazi. Kuishi kila mtu naweza." Hotuba niliisoma. Kufika kwenye lile neno, nililisoma kama lilivyoandikwa kwenye karatasi, kwa kuwa kazi ya mkalimani si kubadili maneno ya mtu.

Mwaka uliofuata duka lilifungwa. Nilipopanda ngazi mara ya mwisho, rafu zilikuwa tupu na milima ya theluji imeteremshwa, imeegemezwa ukutani kichwa chini. Alikuwa akifunga masanduku kwa utepe wa gundi. Kidoti hakikuwepo popote.

"Karibu, mzee. Habari za nyumbani?" alisema.

"Njema. Nimekuja kuazima kanda ya pili."

"Imeshapakiwa." Alionyesha kwa kidevu ukuta wa masanduku. "Lakini hujawahi kunicheleweshea kanda hata siku moja. Nikusimulie mwisho, kama zawadi?"

"Yatakuwa ya kusikia."

"Ya kusikia kutoka kwa aliyekuwepo."

"Ulikuwa umeshakufa."

Alicheka, na hakuinua mkono kuziba mdomo kama alivyofanya mbele ya wateja. Kisha akafungua droo ya meza, akatoa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi na kukunjwa mara nne.

"Ulikiacha kwenye kiti cha mbele," akasema. "Nimekifua. Filamu ile mimi naijua. Siku ile nilikaa nikikutazama wewe."

"Nilikuwa na mafua," nikamwambia.

"Mwezi wa nane, kwa joto la huku," akasema.

Nikakipokea, nikakitia mfukoni, nikashuka ngazi. Kwamba alihamia kwa mwanawe katika jimbo la joto, na kwamba huko nako wameanza kumwita Stelingi, nimeyasikia kwa Mama Mwenyekiti. Kwamba binti wa jaji aliolewa na mwanafunzi, nadhani tu. Kwamba kitambaa kilifuliwa, aliyesema ni yeye. Kwamba ni changu, ninajua: marehemu mke wangu alikidarizi herufi zangu pembeni. Na kwamba siku ile kililowa, sikuambiwa na mtu.